Wajitoleaji Hawahitaji Kikao cha Kila Asubuhi

Mradi wa programu huria (ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa kwa kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na mara nyingi huandikwa na wajitoleaji) ukishakua kidogo, hakosekani mtu mwenye nia njema wa kupendekeza tufuate Scrum, mojawapo ya mbinu za ajaili (agile), yaani za kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi: kikao cha dakika 15 kila asubuhi, kazi zigawanywe za wiki mbili mbili, kila mmoja aeleze jana alifanya nini na leo atafanya nini. Mimi napinga, na napinga kwa sababu naziamini mbinu za ajaili.

Tamko la ajaili liliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Marekani. Mengi yaliyomo watu wa programu huria walikuwa wakiyafanya tayari: kutoa programu inayofanya kazi mapema na mara kwa mara, kupokea mabadiliko hata kazi ikiwa imefika mbali, kuwaamini wanaoifanya. Lakini tamko hilo linataka pia wenye biashara na watengenezaji wafanye kazi pamoja kila siku, na linasema njia bora ya kupashana habari ni kuzungumza ana kwa ana. Hayo yanaifaa timu ya waajiriwa walio jengo moja.

Mjitoleaji hana asubuhi ya kukupa. Yuko Mwanza, karudi kutoka kazini, kala, kawalaza watoto, anafungua kompyuta saa nne usiku akiomba umeme usikatike. Mwenzake yuko Oslo, mwingine São Paulo. Kikao kikiwekwa saa tatu asubuhi ya Oslo, wa Mwanza yuko kwa mwajiri wake na wa São Paulo bado kalala. Watakaohudhuria ni wale wanaolipwa na kampuni zao kushiriki, na taratibu maamuzi ya mradi yatahamia kwao bila mtu kupiga kura. Hilo ndilo linaloniuma.

Tazama kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendeshea kompyuta. Toleo la 2.4 lilitoka Januari 2001, la 2.6 likafuata Desemba 2003. Karibu miaka mitatu! Wasambazaji, wanaoifungasha Linux kwa ajili ya watumiaji, hawakuweza kusubiri, wakawa wanapachika mambo mapya kwenye matoleo yao, kila mmoja na kerneli yake. Dawa haikuwa vikao, ilikuwa kalenda. Siku hizi mambo mapya hupokewa kwa wiki mbili, kisha mlango unafungwa. Kinachofuata ni kurekebisha dosari tu, toleo la majaribio likitoka kila Jumapili, mpaka la saba au la nane. Baada ya wiki tisa au kumi toka mwanzo, toleo kamili liko tayari. Aliyechelewa hagombezwi, atasubiri basi linalofuata, na anajua linapita lini.

Na mazungumzo je? Yamo ndani ya kazi yenyewe. Mtu anatuma kiraka, yaani badiliko analopendekeza kwenye msimbo, kwa barua pepe: juu kichwa kifupi kinachotaja sehemu inayoguswa, kisha sababu, kisha mstari wa Signed-off-by wenye jina lake, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuituma kazi hiyo. Mtunzaji, yaani msimamizi wa sehemu hiyo, anajibu chini ya mstari uleule wenye kasoro: hapa kosa likitokea, kumbukumbu ya kompyuta uliyochukua hairudishwi. Mwandishi anarudi na kiraka cha pili (v2), pengine cha tatu (v3), na chini ya vistari vitatu (---) anaeleza alichobadilisha. Kijana wa Kampala atakayeigusa sehemu hiyo miaka mitano baadaye atasoma barua zote hizo zilizohifadhiwa na kuelewa kwa nini ilifanywa hivyo. Kikao cha asubuhi kingemwachia nini?

Sikatai watu kuonana. Jumuiya ya Python, lugha ya kuandikia programu, ina desturi nzuri ya kubaki siku kadhaa baada ya mkutano wao wa PyCon, watu wakakaa meza moja kuandika msimbo, na mgeni akajifunza kwa saa chache mambo ambayo peke yake yangemchukua wiki nyingi. Mradi ukipata nauli, ufanye hivyo. Ila kitakachoamuliwa mezani kiandikwe, ili na asiyekuwepo apate kukipinga.

Ugonjwa unaozitesa jumuiya zetu ni uhaba wa wapitiaji, wa kuvikagua viraka na kuvijibu. Kiraka cha kwanza cha mgeni kinakaa miezi bila jibu, naye anaondoka kimya. Kwa hiyo wanaotaka kuanzisha vikao nawaomba kwanza wavitazame viraka vinavyosubiri, wamteue mtu wa kuvijibu wiki hii na mwingine wa wiki ijayo, na watangaze tarehe ya toleo linalofuata.