Mdomo wa Bati na Suruali ya Shemeji

Mdomo wa plastiki uliokuja na mashine yetu ya kufyonza vumbi ulipasuka katikati, na badala ya kununua mwingine niliamua kutengeneza wa bati, kwa sababu mbili ambazo hadi leo naziona ni za maana. Kwanza, bati likipata kishindo hubonyea, na kilichobonyea hugongwa kikanyooka, ilhali plastiki ikishapasuka imekwisha. Pili, chini ya kabati letu kubwa la nguo kuna mwanya wa milimita 25 ambao haujawahi kufikiwa na ufagio wala mkono wa binadamu tangu kabati hilo liwekwe hapo, na mdomo wa plastiki, hata ulipokuwa mzima, ulikuwa mnene mno kupita. Bati la nusu milimita hukunjwa likawa bapa na pana kadiri mtu anavyotaka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliuangalia mchoro wangu na kusema kwamba yeye alidhani bati ni la kuezekea. Sikumjibu.

Kabla ya kugusa mkasi nilikaa mezani nikapiga hesabu, maana wapo watu wanaokata kwanza na kufikiri baadaye, na mimi si miongoni mwao. Bomba la mashine yetu lina kipenyo cha ndani cha milimita 32, yaani tundu lake lina eneo la milimita za mraba 804 hivi. Hewa inayoingia mdomoni ndiyo hiyo hiyo inayopita bombani. Kwa hiyo mdomo ukizidi bomba kwa eneo, hewa hupunguza mwendo mahali pale pale inapotakiwa kung'oa vumbi, na mdomo ukibana kupita kiasi, mashine hukosa hewa ya kutosha. Nilitaka mdomo wenye upana wa milimita 300, ili upite chini ya kabati mara chache na kazi iishe. Ukigawanya 804 kwa 300 unapata uwazi wa milimita 2.7. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Mdomo wa milimita 2.7 haumezi hata shanga ya kawaida, na mtu anayeuona kwa mara ya kwanza atadhani umeharibika. Nikakumbuka kwamba kanuni huwekwa ili kumwongoza mwanadamu, si kumtawala, nikaandika milimita 12.

Kuhusu umbo lenyewe, ugumu haukuwa mdomoni bali shingoni, mahali ambapo umbo la mstatili linalazimika kugeuka duara ili liingie kwenye bomba. Mafundi bati wa zamani hulitatua jambo hili kwa kugawa duara katika sehemu 12 zilizo sawa, kuunganisha kila nukta na pembe ya mstatili iliyo karibu nayo, kutafuta urefu halisi wa kila mstari, kisha kuzitandaza pembetatu zote hizo juu ya bapa moja. Nililifanya hilo kwanza kwa karatasi ngumu, na kiolezo changu kilipokunjwa kikakubali kuwa kama kilivyochorwa, nilikiweka juu ya kabati la vyombo ili kila anayepita akione. Shemeji alipita mara nyingi bila kusema lolote. Najua alikiona.

Bati lilipofika mezani nilichora mistari kwa ncha ya msumari, kwa sababu alama ya penseli hufutika upesi juu ya zinki inayofunika bati, nikakata, nikaanza kukunja. Kwa asiyelijua bati, huu ni wakati wa kujifunza subira. Unalibana kati ya vyuma viwili vya pembe kwenye jiliwa, yaani kifaa cha kubania kazi mezani, unagonga kwa nyundo ya mbao kidogo kidogo kutoka ncha hadi ncha, unafikisha digrii 90 kamili, unalegeza jiliwa, na bati linarudi nyuma digrii mbili au tatu mbele ya macho yako, kana kwamba mlikuwa mnataniana. Dawa yake ni kulikunja kupita kiasi ili likirudi lirudi mahali pake. Nililalamika sana siku hiyo juu ya bati lisilokubali kubaki lilivyowekwa, na naomba msomaji aliweke moyoni lalamiko hilo.

Kitu nilichokionea fahari kuliko vyote kilikuwa pindo. Ukingo wa bati lililokatwa ni wembe, na mdomo wenye wembe haupitishwi juu ya zulia, kwa hiyo kila ukingo wa mdomo niliukunja kuelekea ndani kwa milimita sita. Ukipitisha kidole kutoka nje hukikuti kitu cha kukukwaruza. Ukikipitisha kutoka ndani kuja nje, kidole kinakwama kwenye ncha ya pindo, lakini wakati huo sikuona ni nani angekuwa na haja ya kupita upande huo. Shingoni nilipasua meno madogo, nikayakunja kuelekea nje, nikayalehemu juu ya kola ya duara, na mdomo ukawa mdomo: mkono mmoja wa fundi, milimita 300 upana, milimita 200 urefu, unang'aa.

Jaribio la kwanza lilifanyika sebuleni mbele ya familia. Mdomo ulipiga mluzi. Haukuwa mluzi wa kuudhi sana, ila ulikuwa wa sauti moja isiyokatika, na mke wangu aliuliza kama kazi ya chombo hiki ni kufyonza vumbi au kuita watu. Nilisugua kwa tupa kona ya pindo iliyokuwa imebaki wazi, mluzi ukafa. Kisha shemeji akataka kuushika, akaruka nyuma na kudai kuwa amepigwa na umeme. Nilimweleza kwa utulivu kwamba vumbi linaposuguana na bomba la plastiki huzalisha umeme tuli, kwamba bati lililo mwishoni mwa bomba hilo halina njia ya kuupeleka ardhini, na kwamba kwa hiyo umeme huo hujikusanya ukimsubiri mtu wa kwanza atakayegusa. Alisema anaelewa, na kwamba angeelewa vizuri zaidi kama mtu huyo angekuwa mimi.

Tukaenda kwenye kabati. Shemeji, licha ya kidole chake, alijitolea kushika tochi, akapiga magoti na kuinama hadi shavu likagusa sakafu ili amulike mwanya. Alikuwa amevaa suruali pana ya kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, na naitaja si kwa kuwa nina jambo na mavazi ya watu bali kwa kuwa ina nafasi yake katika maelezo haya. Niliwasha mashine, nikauingiza mdomo kutoka ubavuni, na ili uingie vizuri ilinibidi niurudishe nyuma kidogo. Nyuma kulikuwa na goti la shemeji.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wengi hawalijui, kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani kwamba mdomo wangu ulikuwa na kasoro. Mashine ya kufyonza vumbi haivuti kitu. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani yake, na hewa ya nje, ambayo hutulemea sote kwa kilopaskali 101 bila sisi kuhisi, huikimbilia nafasi iliyopungua. Mdomo ukiwa wazi, tofauti ya ndani na nje pale mdomoni ni ndogo. Mdomo ukizibwa kabisa, tofauti hiyo katika mashine za kawaida za nyumbani huweza kufikia kilopaskali 20 hivi, na huulemea kila upande wa chombo. Ubavu mmoja wa mdomo wangu, ulioanza na upana wa milimita 300 na kuishia na 50 shingoni, ulikuwa na eneo la milimita za mraba 35,000. Zidisha, utapata nguvu ya nyutoni 700, ambayo ni sawa na mtu wa kilo 70 kupanda na kusimama juu ya bati la nusu milimita lisilo na mhimili wowote katikati. Na upande wa pili amesimama pacha wake.

Kitambaa cha suruali kiliingia mdomoni kikaziba. Mlio wa mashine ukapanda juu, jambo ambalo watu hulitafsiri kuwa mota inalemewa, kumbe ni kinyume chake: feni imekosa hewa ya kusukuma, mzigo umepungua, mota inakimbia ovyo. Nilikuwa nimeshafungua kinywa ili nimfafanulie shemeji jambo hilo wakati mbavu zote mbili za mdomo zilipoingia ndani kwa mpigo, na mlipuko uliotokea ukajaa chumba. Tochi ilivingirika chini ya kabati. Shemeji alisimama kwa kasi ambayo sikuwahi kumdhania, akagonga kichwa kwenye mlango wa kabati, akaanza kuelekea ukumbini, na mdomo ukafuatana naye, na bomba likafuatana na mdomo, na mashine, yenye magurudumu mazuri, ikafuatana na bomba.

"Zima! Shemeji, zima!" alikuwa akisema.

"Simama kwanza, swichi iko kwenye mashine!" nilimjibu nikimkimbilia, maana swichi ilikuwa inaondoka pamoja naye.

Mke wangu ndiye aliyechomoa waya ukutani. Kukawa na kimya, na sote tukaangalia goti la shemeji tukisubiri mdomo uanguke, kwa kuwa hewa ina adabu: ukizima mashine, huachia. Mdomo haukuanguka. Bati lile lile ambalo siku ya kulikunja lilikuwa likirudi nyuma digrii tatu kila nikiligeuzia kisogo, sasa lilikuwa limepita kiwango chake cha kurudi, likaamua kubaki kama lilivyo. Midomo yote miwili ilikuwa imekutana katikati na kuuma suruali, na pindo langu, lile laini kutoka nje na lenye ncha kutoka ndani, lilikishika kitambaa hivi kwamba kadiri shemeji alivyovuta ndivyo lilivyozidi kukamata. Kama kazi, niliiona ni nzuri sana, lakini haukuwa wakati wa kusema hivyo.

Yalifuata majadiliano. Nilileta mkasi wa bati, na shemeji akaniuliza nakusudia kukata nini. Nilimweleza kwamba kukata mdomo kungeharibu shingo iliyonichukua muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, ilhali suruali ina mshono wake na ikikatwa kwa uangalifu hushoneka. Alisema suruali ni yake. Nikamsimulia, ili kumtuliza, habari ya Hubert Cecil Booth, mhandisi Mwingereza aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1901, mashine kubwa iliyokokotwa na farasi hadi nje ya nyumba na mabomba yake kuingizwa kupitia madirishani. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuijenga alitandika leso juu ya kiti, akaweka kinywa chake na kuvuta pumzi ili aone kama vumbi litanaswa, na karibu apaliwe. Nilitaka shemeji aone kwamba fani hii tangu mwanzo ina watu waliojitoa.

"Booth," akasema shemeji kwa sauti ya chini, "alitumia leso yake mwenyewe. Hakutumia suruali ya shemeji yake."

Mke wangu alileta shuka. Shemeji alijifunga, akaivua suruali iliyokuwa imebaki imening'inia mdomoni, na nikaipeleka yote pamoja kwenye jiliwa. Niliingiza bisibisi bapa kwenye kona, nikainua pindo kwa uangalifu nukta kwa nukta, na kitambaa kikatoka kizima, isipokuwa mistari miwili ya kijivu juu ya goti, iliyonyooka vizuri.

Niliporudi na mdomo kuuchunguza, niliona midomo haikurudi kwenye milimita 12. Ilikuwa imesimama karibu karibu, mstari mwembamba kutoka kona hadi kona. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene na uwazi mdogo. Sehemu kubwa ilikuwa milimita tatu kasoro kidogo. Nilipima tena mahali pengine, kisha nikauchomeka kwenye bomba bila kumwambia mtu, nikaupitisha chini ya kabati, ambako sasa ulipenya bila kugusa kitu, na mashine ikanguruma kwa sauti nzito ambayo haikuwahi kuitoa. Vumbi la miaka lilitoka likiwa limeshikana kama blanketi. Tochi, ambayo haikuweza kupita mdomoni, ilibebwa hadi nje ikiwa imeng'ang'aniwa, bado inawaka.

Nilitangaza sebuleni kwamba mdomo unafanya kazi barabara, na kwamba uwazi wake ni ule ule niliokokotoa tangu siku ya kwanza, kama karatasi inavyoonyesha. Mke wangu aliomba kuiona karatasi. Niliikunja vizuri nikaitia mfukoni.

Shemeji, akiwa bado katika shuka, alinyoosha mkono na kuuomba mdomo. Aliugeuza, akautazama kutoka pembeni kwa jicho moja, akaingiza ukucha kati ya midomo yake, kisha akasema kwamba kwa ufahamu wake mdogo wa bati, aliyeuweka uwazi huo mahali pake ni suruali, kwamba suruali hiyo ina mwenyewe, na kwamba iwapo mimi nakusudia kuombea kifaa hiki hataza, jina lake litangulie. Nilimwambia tutalizungumza atakapokuwa amevaa.