Uchina na sheria ya kwenda kumwona mama

Tangu tarehe 1 Julai 2013, sheria ya Uchina inawataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wazee waende kuwaona, au wawajulie hali, mara kwa mara. Siku ileile mahakama moja ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake, mwenye miaka 77, walau mara moja kila miezi miwili.

Wapo waliocheka. Utamlazimishaje mtu kupenda? Atakuja, ataketi ukingoni mwa kiti, atachungulia saa, ataaga. Hoja hiyo ina uzito, tena ni ya kale: mwanafalsafa Confucius mwenyewe aliwalaumu waliodhani xiao, yaani wema kwa wazazi, ni kuwalisha tu. Hata mbwa na farasi hulishwa, alisema. Pasipo heshima, tofauti iko wapi?

Lakini mzee anayefika mahakamani huwa keshabembeleza vya kutosha. Mwanawe yuko kiwandani Shenzhen, pesa anatuma kwa programu ya simu ya WeChat, sura yake inaonekana Mwaka Mpya wa Kichina. Sheria inampa mzee huyo neno la kuwaambia majirani: ninachodai ni haki yangu, sideki.

Kinachonitia shaka mimi ni nani hasa anayelipia wema huo. Katika masimulizi ya kale, fukara Guo Ju aliazimia kumzika mwanawe mdogo akiwa hai ili chakula kimtoshe mama yake. Alipochimba akakuta dhahabu. Karne nyingi akasifiwa. Mwandishi Lu Xun alikumbuka jinsi kisa hicho kilivyomtisha utotoni: kwao mali inapukutika, bibi yupo, je, baba naye akitaka kuwa mwana mwema?

Leo mzigo uko kwa mtoto wa pekee. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi 2015, imeacha hesabu ya 4-2-1: babu na bibi wanne, wazazi wawili, mtoto mmoja. Zamani ndugu walipokezana (na aliyeosha na kupika, tuseme kweli, mara nyingi alikuwa mkamwana). Sheria inataja pia haki ya likizo ya kwenda kwa wazazi, ila kanuni yake ni ya 1981: mtumishi wa umma mwenye ndoa hupata siku 20, mara moja kila miaka minne. Kijana wa kiwanda cha mtu binafsi hamo kabisa katika kanuni hiyo.