Saa 24 kwenye gridi hazitoshi kuipima kebo mpya

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60840, kinachohusu kebo za umeme za kilovolti 30 hadi 150, kinatoa njia mbili za kuijaribu kebo iliyokwisha kufukiwa: kuipa mkondo geu wa volti kubwa kuliko ya kazi kwa saa nzima, au kuiunganisha na gridi kwa volti yake ya kawaida na kuiacha saa 24. Njia ya pili ni nafuu, na wanaoitetea wana hoja nzito, kwamba kebo ilishapimwa kiwandani na hakuna haja ya kuitesa tena.

Hoja hiyo inasahau maungio. Kiungio hutengenezwa shimoni na fundi aliyeinama, anayeparua tabaka jeusi juu ya kihami (plastiki inayozuia umeme usitoroke), akapiga msasa na kufuta, na mkwaruzo mmoja au chembe ya vumbi ikibaki, cheche ndogo zitaila plastiki taratibu kwa miezi, pengine miaka. Kasoro ya namna hiyo huweza kupita saa 24 bila kujionyesha. Tena, kiungio kikifa kikiwa kwenye gridi, mkondo mkubwa wa hitilafu hukiunguza hata chanzo kisitambulike, ilhali mtambo wa resonansi, ule unaotoa volti kubwa ya njia ya kwanza, hupoteza volti papo hapo kihami kinapopasuka, na ushahidi hubaki.

Ni kweli kwamba mtambo huo ni mzito, huletwa kwa lori, na aghalabu hukodiwa mbali. Kurudia mashine ndogo za mkondo mnyoofu (DC), zilizozifaa kebo za karatasi na mafuta, si suluhisho: katika kebo za XLPE, yaani zenye kihami cha plastiki, huacha chaji zilizonaswa ndani ya kihami, na kebo iliyofaulu jaribio huweza kupasuka irudishwapo kazini. Kwa kebo kuukuu nawaunga mkono wenye tahadhari, maana volti kubwa inaweza kuiua kebo ambayo bado ingetumika.

Kebo fupi isiyo na kiungio, ndani ya kituo, naweza kuikubalia saa 24. Kebo ndefu inayotegemewa na mji mzima, hapana. Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia yake moja ya umeme kutoka bara kuharibika. Jaribio la volti kubwa, pamoja na upimaji wa cheche katika kila kiungio, liandikwe ndani ya zabuni tangu mwanzo na kutengewa fedha zake, kabla mkandarasi hajafukia mtaro.