Ukimwogopa malkia wake, kumbuka nawe unaye

Aliyewahi kucheza mashindano ya sataranji kwa mfumo wa Uswisi anaijua raundi ya kwanza: orodha ya wachezaji, iliyopangwa kwa nguvu zao, inakatwa katikati, wa nusu ya juu wanapangiwa wa nusu ya chini. Ndivyo nilivyojikuta mbele ya mtu aliyenizidi pointi 400 za Elo, yaani alama zinazopima nguvu ya mchezaji. Kwa pengo hilo, mwenye nguvu anatarajiwa kuvuna takriban pointi 9 katika kila michezo 10 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu).

Nikafanya wanachofanya wanyonge wengi. Malkia kwa malkia, farasi kwa farasi, ngome kwa ngome, nikijiambia kete zikipungua hatari nayo inapungua. Sare nikaiomba mara mbili. Mara ya pili hakuinua hata macho.

Tukabaki na wafalme wetu na askari wake mmoja. Mfalme wangu e7 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala), askari wake e6, mfalme wake e5, zamu yangu. Hapo ni sare kabisa, mradi nirudi nyuma wima hadi e8, ili akijitokeza upande wowote wa askari wake nimkabili uso kwa uso. Mimi nikaenda d8. Akaja d6, nikakimbilia e8, askari akapanda e7, nikalazimika kutoka f7, naye akaingia d7, askari wake akawa hazuiliki tena kufika mwisho na kugeuka malkia. Nikampa mkono, kukubali kushindwa.

Sasa nauliza: nani alitudanganya kwamba ubao mtupu ni kimbilio la mnyonge? Katika vurugu ya katikati ya mchezo hata bingwa hupitiwa. Kete zikibaki chache, anayejua anajua, na asiyejua anaonekana.

Hofu yenyewe haina hata hesabu. Kwa mchezaji ambaye kigezo chake cha K (kinachoamua Elo yake ipande au ishuke kwa kiasi gani baada ya mchezo) ni 20, kufungwa na mtu wa pengo hilo kunamgharimu chini ya pointi 2 za Elo, na kumfunga kunampa zaidi ya 18. Mwenye cha kupoteza pale alikuwa yeye (na nadhani alilijua hilo kuliko mimi).

Baadaye tuliurudia mchezo pamoja. Akasimama kwenye hatua ya 14, akaonyesha askari wangu mbele ya mfalme wake. "Hapa nilikuwa na wasiwasi. Ungemsukuma huyu, sikuwa na jibu zuri."

Hatua ya 14 ndipo nilipobadilisha malkia.