Panga nene si dawa ya ufa

Hapa Lubumbashi, panga la feni ya mgodi likipata ufa tunalichomelea, au tunaagiza lililo nene zaidi. Kwangu huko ni kutibu bila kupima. Tazama panga lililokatikia shinani: sehemu kubwa ya mkato ni laini, ina mistari myembamba iliyofuatana, na kipande kidogo tu cha mwisho ndicho kimechanika na kina uso unaokwaruza. Panga hilo halikuzidiwa na mzigo. Lilichoshwa na mtetemo, siku baada ya siku.

Mtetemo una hesabu. Mota ya umeme wetu wa hezi 50 ikizungusha feni karibu mara 1,500 kwa dakika, hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Pakiwa na nguzo nne mbele ya feni, kila panga hukatiza hewa iliyovurugwa na nguzo hizo mara 100 kila sekunde: mapigo 8,640,000 kwa siku. Masafa ya asili ya panga, yaani idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde likigongwa na kuachwa, yakiwa karibu na hezi 100, hata pigo dogo hukuza mtetemo mpaka chuma kipasuke. Wilfred Campbell wa General Electric alilichambua jambo hili kwenye diski za turbaini za mvuke mwaka 1924, na mchoro wenye jina lake ungali unatumika. Unene hubadilisha masafa, kwa hiyo panga jipya linaweza kutua palepale penye hatari.

Kuna mtetemo mwingine usiohitaji nguzo. Panga likicheza, hewa inayolizunguka hubadilika nalo. Hewa ikilitia panga nguvu nyingi kuliko linazopoteza, mtikisiko hukua wenyewe. Kwenye kompyuta tunalichezesha panga kwa umbo lake la asili, yaani jinsi linavyopinda likitetemeka lenyewe, kisha tunapima kazi ya hewa katika mtikisiko mmoja mzima. Jibu likiwa chanya, yaani hewa inalitia panga nguvu, simama hapo: panga hilo ni hatari. Na lazima kurudia kwa kila tofauti ya zamu ya kutikisika kati ya panga na jirani yake, maana mapanga hayachezi yote kwa pamoja.

Chini ya ardhi, kama kwenye mgodi wa Kipushi, mlango wa hewa ukifungwa feni hukutana na ukinzani mkubwa. Hewa hubanduka kwenye mapanga, na mafungu ya hewa iliyokwama huzunguka polepole kuliko rota. Hesabu inayochukulia kwamba mwendo wa hewa haubadiliki kwa wakati haiyaoni mafungu hayo kabisa.

Ndugu wahadhiri, OpenFOAM, ya kukokotoa mwendo wa hewa, na CalculiX, ya kukokotoa mkazo na mtetemo wa chuma, ni programu za bure. Mpeni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho feni halisi iliyosimama, nyundo ndogo na maikrofoni ya simu. Agonge panga, asome masafa yake, ndipo afungue kompyuta.