Dini Zote Ni Moja? Mizizi Mingi, Matawi Yanayogusana

Kisa cha vipofu na tembo kinajulikana. Mmoja kashika mguu, akasema tembo ni nguzo; mwingine kashika ncha ya mkia, akasema ni ufagio; wa tatu kashika sikio, akasema ni ungo. Wakabishana hadi wakapigana ngumi. Mjadala wa dini ukipamba moto hakosi mtu wa kukisimulia, kisha akahitimisha kwa upole kwamba sote tumemshika tembo yule yule, ila kila mmoja na mahali pake.

Wachache huuliza kisa hicho kilitoka wapi. Kimo katika Udana, sehemu ya maandiko ya Wabudha yaliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India. Humo Buddha anaambiwa kwamba walimu wa madhehebu mbalimbali katika mji wa Savatthi wanarushiana maneno makali: ulimwengu una mwisho au hauna, roho na mwili ni kitu kimoja au viwili. Ndipo anaposimulia habari za mfalme aliyewakusanya vipofu. Lakini hasemi kwamba walimu wale wote wamepata. Anasema hawaoni. Msimuliaji ana macho yake, na tembo anamwona mzima.

Hapo ndipo penye fundo. Anayesema dini zote ni moja yuko upande wa vipofu au wa msimuliaji? Akiwa kipofu kama wenzake, hawezi kujua kwamba wanachopapasa ni tembo mmoja. Huenda mmoja wao kweli kashika nguzo na mwingine kashika ufagio. Akiwa na macho, basi naye ana mafundisho yake, tena yenye madai makubwa kuliko ya wote anaowasuluhisha.

Sisemi hivyo ili kuibeza hoja ya umoja. Ina watetezi wazito. Tarehe 11 Septemba 1893, Bunge la Dini za Ulimwengu lilipofunguliwa mjini Chicago, mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda aliukumbusha ukumbi utenzi wa kwao: kama mito yenye chemchemi mbalimbali inavyochanganya maji yake baharini, ndivyo njia za watu, za moja kwa moja na za kupindapinda, zinavyomwishia Mungu. Alishangiliwa sana. Na ukitazama maadili, utaona hakukosea. Confucius wa China, aliyefariki mwaka 479 KK, alifundisha kwamba usilotaka kutendewa usimtendee mwenzio. Hillel, mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi karibu na wakati wa Yesu, aliambiwa na mtu mmoja amfundishe Torati nzima kabla hajachoka kusimama kwa mguu mmoja; akajibu karibu neno kwa neno kama Confucius, kisha akaongeza kwamba yaliyobaki yote ni ufafanuzi, nenda ukajifunze. Yesu aliigeuza kutoka kujizuia kuwa kutenda: mnayotaka mtendewe, watendeeni wengine. Nayo hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inasema mtu hajaamini mpaka ampendelee nduguye kile anachojipendelea mwenyewe. Ongeza saumu, sadaka, hija na toba, na utadhani walikuwa wakinong'onezana.

Shida ya kanuni hiyo ni kwamba inathibitisha kupita kiasi. Asiyeamini Mungu wala roho naye anaikubali bila taabu. Kama kuikubali ndiko kunakozifanya dini kuwa moja, basi na asiye na dini yumo. Tena Hillel hakuishia kwenye mguu mmoja. Ile “nenda ukajifunze” ndiyo iliyojaza maktaba nzima ya mabishano ya marabi, na huko kwenye ufafanuzi ndiko dini inakoishi: nani ni jirani, siku gani ni takatifu, chakula gani ni najisi, dhambi inafutwaje.

Watetezi wa umoja wana hoja nyingine, nayo naiona nzito zaidi: wachamungu waliozama katika kumtafuta Mungu. Meister Eckhart wa Ujerumani, Ibn Arabi wa Andalusia na Shankara wa India wanazungumza juu ya umoja wa kuwako kwa namna ambayo ukiyafuta majina utapata tabu kujua nani kasema nini. Kufanana huko si kwa bahati tu. Ila tuangalie pia walivyopokewa nyumbani. Mwaka 1329 Papa alilaani baadhi ya kauli za Eckhart. Ibn Arabi anabishaniwa na wanazuoni wa Kiislamu hadi leo. Na Shankara alipingwa vikali ndani ya Uhindu wenyewe na Madhva, aliyeshikilia kwamba Mungu na nafsi ni wawili milele. Wanaofanana kuliko wote ndio ambao dini zao ziliwatilia shaka.

Twende kwenye asili, maana huko ndiko picha ya mito inakoanza kuyumba.

Uhindu hauna mwanzilishi wala mwaka wa kuzaliwa. Hata jina lake ni la mto: Sindhu, ambao Waajemi waliutamka Hindu, wakawaita hivyo watu wa ng'ambo yake. Nyimbo za Rigveda, ambazo wataalamu wengi huziweka kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, zilipokezanwa kwa mdomo karne kwa karne kabla ya kuandikwa, na wenyewe huziita shruti, yaani kilichosikiwa. Baadaye maandiko yaitwayo Upanishadi yakaja na wazo ambalo halijaacha kuitikisa India: ndani kabisa ya mtu kuna atman, nafsi isiyokufa, na kwa wengi walioyasoma nafsi hiyo ni ile ile Brahman, uhalisia wa vyote. Mtu huzaliwa na kufa tena na tena kwa uzito wa matendo yake, hadi afunguliwe.

Katika nchi hiyo hiyo, kwenye bonde la mto Ganges, yapata karne ya 5 KK, akatokea Siddhartha Gautama, ndiye Buddha. Mapokeo yanasema alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, akaamka chini ya mti huko Bodh Gaya, akahubiri kwa mara ya kwanza Sarnath. Maneno hakuyabadilisha: karma, kuzaliwa upya, kufunguliwa. Alichokitoa ni kile kilichokuwa katikati. Chimba ndani ya mtu, alisema, utakuta hisia, mitazamo, fahamu, vyote vikipita. Nafsi ya kudumu hutaikuta. Mateso yanatoka kwenye kiu ya kuking'ang'ania kisichokuwepo. Na karibu yake, katika nchi hiyo hiyo na kizazi kinachokaribiana, Mahavira wa Wajaini akifundisha kwamba nafsi zipo, hazina idadi, kila moja inajitegemea, na Muumba hayupo. Bonde moja, msamiati mmoja, majibu matatu yasiyopatanishwa. Kumwambia Mbudha kwamba atman na kutokuwa na nafsi ni kitu kimoja si kumheshimu. Ni kumwambia kwamba mwalimu wake hakujua alichokuwa anakisema.

Kwa lugha yetu kuna mtego wa ziada. Dini na deni ni ndugu. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana za hukumu, malipo na utii. Ndiyo maana Kurani inaitaja siku ya dini kwa maana ya siku ya malipo. Neno hilo linazikaa barabara dini za agano, yaani za Wayahudi, Wakristo na Waislamu, ambako mwanadamu ana anachodaiwa na yuko anayemdai. Likivishwa mafundisho ya Buddha linapwaya, maana huko hakuna mdai. India wao husema dharma, kile kinachoshikilia vitu visianguke. Tunaposema “dini zote” tumeshazipima kwa kipimo cha baadhi yake.

Dini hizo za agano ndizo zenye watu wengi. Mwaka 2020 Wakristo walikadiriwa kuwa bilioni 2.3 na Waislamu bilioni 2, zaidi ya nusu ya binadamu wote, na wote humtaja Ibrahimu kuwa baba wa imani. Wayahudi, ambao ndio wa kwanza kumtaja, hawafiki milioni 16. (Wasikh, wafuasi wa Guru Nanak wa Punjab, wanawazidi hao, lakini mara nyingi husahaulika kwenye orodha ya dini kubwa, kwa kuwa ukubwa katika orodha hizo hupimwa pia kwa dini nyingine zilizozaliwa kutokana na dini hiyo. Na dini za mababu zisizo na kitabu huwa haziitwi kabisa.)

Hapa hoja ya umoja ina damu ya kweli, kwa kuwa undugu ni wa historia. Yesu alizaliwa Myahudi na kufa Myahudi. Wanafunzi wake wa kwanza walisali Hekaluni. Kurani inamtaja Musa kwa jina kuliko mtu mwingine yeyote, na ina sura nzima yenye jina la Mariamu. Hata hivyo, mahali walipokaribiana ndipo walipoachana. Kwa Myahudi, Masihi hajaja. Kwa Mkristo amekuja, akasulubiwa, akafufuka, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama hakufufuka basi imani yao ni bure; mwaka 325 maaskofu waliokutana Nikea wakatamka kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Kwa Mwislamu, Isa bin Mariamu ni mtume mtukufu na Masihi, lakini hawakumuua wala hawakumsulubu, na Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mtu ni mmoja. Tukio ni moja. Haiwezekani kwamba alisulubiwa na hakusulubiwa, na kila upande umeweka wokovu wa watu kwenye jibu lake.

Watu husema mzizi ni mmoja, matawi ndiyo mengi. Mimi naona kinyume chake. Mizizi ni mingi, kwa sababu kila dini ilianza na swali lake: Wayahudi waliuliza namna ya kubaki waaminifu kwa Mungu aliyewatoa utumwani, Buddha aliuliza mateso yanakoma vipi, Confucius aliuliza mji unatawalikaje kwa adabu, Ukristo uliuliza nani atamwokoa mwenye dhambi asiyeweza kujiokoa, na Uislamu uliwaita watu warudi kwa Mmoja waliyemsahau. Matawi ndiyo yanayogusana huko juu, kwenye upepo wa maisha ya kila siku, kwenye sadaka na kwenye maziko.

Wanaoshikilia tofauti nao wana la kujibu. Ukizichora dini kama visiwa, historia itakusuta. Wayahudi walipelekwa uhamishoni Babeli baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 586 KK, kisha mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi akauteka mji huo. Maandiko yao ya awali yanasema machache juu ya maisha baada ya kifo. Baadaye, katika Danieli, tunakuta ufufuo na malaika wenye majina. Je, walijifunza kwa wafuasi wa Zarathustra, Waajemi waliofundisha habari za hukumu na pambano la wema na uovu? Wataalamu wengi wanaona mkono wa Uajemi hapo. Wengine wanakumbusha kwamba Avesta, maandiko ya dini hiyo, iliwekwa kwenye maandishi karne nyingi baadaye, kwa hiyo si rahisi kusema nani alimkopa nani. Vyovyote iwavyo, mipaka ilikuwa na milango.

Tena wapo wanaotaja tofauti ili wadharau. Lakini dawa ya dharau si kudai kufanana. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliteketeza Ulaya ya kati baina ya watu wenye Biblia moja. Karbala, mwaka 680, Hussein mjukuu wa Mtume aliuawa na jeshi la Waislamu. Kama kufanana kungeleta amani, ndugu wangekuwa wa kwanza kuionja.

Halafu kuna waliojaribu kuziunganisha kwa vitendo. Mfalme Akbar wa India aliwakalisha Waislamu, Wahindu, Wajaini, Wazoroastria (wale wafuasi wa Zarathustra) na mapadri Wajesuiti katika nyumba moja ya majadiliano huko Fatehpur Sikri, na mwaka 1582 akaanzisha Din-i Ilahi, dini ya Kimungu. Wafuasi walikuwa wachache, na baada ya kifo chake mwaka 1605 haikudumu. Bahá'u'lláh, aliyejitangaza mwaka 1863 huko Baghdad, alifundisha kwamba mitume wote wametoka kwa Mungu mmoja na dini yao ni moja inayofunuliwa kwa awamu. Wabahai leo ni dini kamili, yenye maandiko, kalenda na makao makuu huko Haifa. Kila aliyetaka kuzipunguza aliongeza moja.

Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, anakumbukwa kwa kusema hakuna Mhindu, hakuna Mwislamu. Wafuasi wake, Wasikh, nao wakawa jamii ya pekee, na kuanzia 1699 wenye kuapishwa Khalsa, jumuiya yao ya walioweka nadhiri, wakajulikana kwa nywele zisizokatwa na upanga kiunoni. Ila kitabu chao, Guru Granth Sahib, wanachokipa heshima ya mwalimu aliye hai, kina kitu nisichokiona katika maandiko ya wengine. Pamoja na tenzi za Maguru, yaani walimu wao wakuu, zimo beti za Kabir mfumaji na za Sheikh Farid, sufi Mwislamu aliyefariki karne mbili kabla Nanak hajazaliwa. Wasikh hawadai kuwa Waislamu kwa sababu yake, wala hawakumbatiza Farid kuwa Msikh. Wanazisoma beti zake, wameinamisha vichwa, na jina lake limewekwa mwanzoni mwa beti hizo.