Hiyo nusu sekunde mnaipeleka wapi?

Juzi rafiki yangu, ambaye gari lake jipya la otomatiki bado linanukia duka, alinicheka mbele za watu. "Wewe bado unakanyaga klachi tu? Kompyuta inabadili gia haraka kuliko mguu wako." Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Nilikosa usingizi kwa hasira.

Sibishani na saa ya kupimia mbio. Porsche 911 GT3 ya 2021 yenye PDK, giaboksi yao ya otomatiki ya klachi mbili, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4, ya gia za mkono, 3.9. Kwenye giaboksi ya klachi mbili, gia inayofuata imeshakaa tayari inasubiri: klachi moja inaachia, nyingine inashika, basi. Gari likiwa na turbo, hata pumzi halikati. Ningekuwa nashindana, ningechukua hiyo na nisiulize bei.

Lakini mimi naendesha barabarani. Hiyo nusu sekunde naipeleka wapi, kuwahi taa nyekundu? Otomatiki yenye nguvu za farasi 500 utamu wake unaanzia kwenye mwendo wa kunyang'anywa leseni. Chini ya hapo wewe ni abiria uliyepewa usukani ushike. Gia za mkono zinanipa kazi hata nikiwa 60. Kona inakuja, ncha ya mguu iko kwenye breki, ubavu wa mguu huohuo unagusa mafuta ili injini ipande kidogo, gia inatoka ya tatu inaingia ya pili, naachia klachi na gari halishtuki. Nilihangaika miezi kuipata hiyo, na miezi yote abiria wangu walikuwa wanatikisa vichwa kama mijusi. Siku ilipokubali, mke wangu alikuwa kwenye simu, hakusikia chochote. Kutosikia kwake ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe! Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Msiniambie habari ya vile vibao vya otomatiki vya kubadili gia kwa vidole, nyuma ya usukani. Nimevijaribu. Dakika kumi nikavisahau, kama mnavyovisahau nyinyi.

Na Porsche wenyewe? GT3 ya 2013 waliitoa na PDK peke yake. Kufika 2017 gia za mkono zimerudi. Toyota nao walileta Supra mwaka 2019 otomatiki tu, 2022 wakaongeza gia za mkono. Saa walikuwa nayo muda wote.

Haya, kwenye foleni goti la kushoto linanilaani, nakubali. Na kuna watengenezaji wanaoweka gia ndefu kupita kiasi: Porsche Cayman GT4 ya mkono inavuka 120 ikiwa gia ya pili, sasa ya tatu utaitumia wapi? Hapo hata mimi nanuna.

Kama kila siku yako ni foleni, nunua otomatiki, pumzisha goti. Ila ukija kwangu, saa yako iache nyumbani.